Nipumulie

Fundi wa fanicha alipoambiwa apake kitanda kile polishi ya spiriti, ile inayonuka kama gongo, alijua siku imemkalia vibaya. Polishi hiyo haitaki vumbi. Hupakwa huku milango na madirisha yamefungwa, na mpakaji yumo ndani kama kuku aliyefunikwa tenga. Mshona viti, ambaye kazi yake ilikuwa nje, aligonga kioo akicheka.

"Leo umefungiwa na mke wa zamani. Muheshimiane."

Fundi akacheka pia. Akachovya kitambaa, akapaka, akachovya, akapaka, mpaka mbao zikang'aa akajiona uso. Hakuonja hata tone.

Alipotoka, nguo zote zilinuka. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Tangu aache pombe aliishi kwa dada yake, na kila jioni, kabla hajavuka kizingiti, dada humsogezea uso ili amnuse. Walikubaliana hivyo. Na leo binti wa fundi angeletwa kulala pale, mara ya kwanza tangu mama wa mtoto aondoke naye. Fundi akaona asiharibu. Akanunua peremende, akaimung'unya njia nzima.

"Nipumulie, mdogo wangu."

Akapumua. Harufu ya nguo dada aliijua, ni ya kazi, hata hakuiuliza. Kilichomtoa machozi ni peremende.

"Miaka yote ile ya pombe ulikuwa unakuja hivihivi," akasema. "Unanukia kama mtoto wa shule."

Fundi akaapa kwamba hajanywa. Akaapa kwa mama yao. Alipojisikia, akatambua kiapo ni kilekile cha zamani, hata sauti ni ileile. Dada akamwingiza chumbani, akatia kufuli kwa nje, kama siku za mwanzo za kuacha pombe, alipokuwa akitetemeka.

Baadaye fundi akasikia viatu vya mtoto vikivuliwa sebuleni, na binti akimuuliza shangazi yake baba yuko wapi. Akajibiwa kuwa anaumwa kidogo.

Fundi akatia mkono mfukoni. Kitambaa cha polishi kilikuwemo, bado kimelowa. Alikishika muda mrefu, mate yakimjaa kinywani. Kisha akakisukuma nje kati ya nondo za dirisha, akarudi kitandani, akaikalia mikono yake.

Mlango ukagongwa polepole.

"Baba, ugua pole."

"Asante, mama," akajibu, uso ameuelekeza ukutani, mtoto asije akamnusa.