Kipande cha Jinzi

Nilichokiona kwanza ni kile kipande cha jinzi. Kila asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani yake, Chiriku alikikunja mara nne akakisokomeza chini ya mlango, usije ukajifunga. Tulimwita Chiriku kwa sababu aliongea kwa niaba yake na yangu. "Mdogo wangu," alinitania, "siku ukimaliza sentensi mvua itanyesha."

Lakini mlango ukigongwa na upepo, alinyamaza. Mguu ulisimama kwenye pedali, macho yakaganda, kama anasikiliza watu walio ndani ya ukuta. Halafu alikuja kwangu, mpiga pasi, kuuliza kinaungua nini. Nilimwonyesha pasi imezimwa. Hakuniamini.

Mafundi wengine walisema ana pepo. Mama anayeshona vifungo ndiye aliyeninong'oneza: kiwanda alichofanyia kazi Chiriku zamani kiliungua, mlango umefungwa kwa nje ili watu wasitoke na vitambaa. Yeye alipitia dirishani. Jirani yake wa cherehani, Kijino, hakutoka.

Nilidhani woga ni kama mkunjo wa shati, ukiukandamiza unanyooka. Jana, ameinama anatunga uzi, nikakichomoa kile kipande, nikakitia mfukoni, nikausukuma mlango taratibu. Nilitaka aone umefungwa na hakuna kilichotokea.

Kitasa kikalia kidogo tu. Cherehani zote zikaendelea, ya kwake ikanyamaza. Akaja hadi mezani kwangu bila haraka, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi. Akanitazama usoni, akamtabasamia mtu mwingine.

"Kijino, pita wewe kwanza," akasema kwa sauti ya msichana mdogo. "Safari hii nitakushikia dirisha."

Pasi yangu ilikuwa imezimwa, lakini Mungu ni shahidi, nilisikia harufu ya moshi.

Mama wa vifungo akaufungua mlango. Chiriku akakaa sakafuni, akaniomba radhi mimi. Alisema bila shaka alisahau kuweka kile kipande, na mtu asiyejua mikono yake imefanya nini hafai kushika mkasi. Kesho yake angeacha kazi.

Leo nimemkuta anakunja aproni yake. Nimekitoa kile kipande mfukoni, nimekisokomeza chini ya mlango, nimesimama mbele yake.

"Dada, hukusahau. Ni mimi niliyekitoa."