Chai Isiyokaa Kikombeni

Alhamisi asubuhi shangazi alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya sebuleni, akapanga vikombe vishikio vyote vikielekea kulia, akamkalisha bibi harusi mtarajiwa kwenye kiti cha mbele ili wafanye majaribio. Chai yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Katika ukoo ule mgeni hagusi kikombe mpaka bibi harusi amalize chake mbele ya mama mkwe na kusema, "Tamu." Asipomaliza, hakuna anayekunywa, na wageni wasiokunywa huondoka na maneno. Shangazi alikuwa amesimamia chai za namna hiyo nyingi tu bila kuaibika, na hakukusudia kuanza na binti wa kaka yake.

Akamimina. Chai ilijaa kikombeni, ikatulia kidogo, kisha ikainuka taratibu, nyembamba na ya kahawia, ikarudi birikani kupitia mdomo uleule iliotokea. Haikudondosha hata tone kwenye kitambaa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa hawajaiona chai hii.

"Birika hili lina wazimu," alisema shangazi, akaenda kuazima la jirani.

La jirani nalo likarudiwa na chai yake. Akajaribu chai ya rangi, akajaribu ya maziwa, akazidisha sukari akidhani uzito utaizuia. Mchana akamwita fundi bomba, maana ndiye mtu pekee aliyemjua mwenye uzoefu wa vitu vya majimaji vinavyorudi vilikotoka. Fundi akapiga magoti, akachungulia mdomo wa birika, akaligonga tako kwa kidole. Alipomiminiwa yeye, katika kikombe kilekile, chai ilikaa. Akainywa, akaomba nyingine, nayo ikakaa.

"Birika ni zima, mama," alisema akifunga mfuko wake wa vifaa. "Labda ni huyo anayemiminiwa."

Shangazi akamgeukia binti, ambaye muda wote alikuwa ameketi pale, mikono mapajani.

"Mwanangu, una nini na chai?"

"Sina kitu na chai, shangazi. Ila mimi sijaulizwa."

"Hujaulizwa? Mbona nimekuuliza mpaka sauti imenikauka! Nani alikuuliza rangi ya maua? Nani alikuuliza keki ya ndimu au ya vanila?"

"Hayo mliniuliza. Mume sijaulizwa. Na simtaki."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Shangazi alijaribu kukumbuka ni nani aliyepaswa kumuuliza. Yeye alidhani baba mtu ameuliza, na baba mtu, kama anavyomjua, alidhani hayo ni mambo ya wanawake. Wazee wa upande wa pili walikuja wakapokelewa, nguo zikapimwa, na mahali fulani katikati ya shughuli hizo palikuwa na swali ambalo kila mmoja alimwachia mwenzake. Alimwonea binti huruma, na hapohapo akapandwa na hasira asiyoijua ni ya kumkasirikia nani.

"Lakini viti vimeshaagizwa, mwanangu," alisema hatimaye, na hata yeye hakuelewa alikuwa anajibu nini.

Akaenda jikoni. Wifi yake, mama wa binti, alikuwa akipaka siagi kwenye mabati ya keki.

"Wifi, chai ya mtoto haikai. Inarudi birikani."

"Aa," alisema wifi, akaendelea kupaka. "Hata yangu ilirudi. Nilidhani jambo hilo limeishia kwangu."

"Yako ilirudi lini? Si mimi ndiye niliyekumiminia?"

"Ndiyo wewe. Na ulimimina vizuri."

Wifi akanawa mikono, akaenda sebuleni kumfundisha mwanawe. Inua kwa vidole viwili. Inamisha kidogo kidogo, chai huwa haiishi kwa mkupuo. Meza mate. Usivute kwa sauti, kikombe kitupu hakivutiki. Mama mtu alilia kidogo, lakini hakuacha kumrekebisha kiwiko. Kufikia jioni binti alikuwa anajua.

Ijumaa, akipiga pasi vitambaa, shangazi alijaribu kuikumbuka chai ya harusi yake mwenyewe. Alikumbuka maua, alikumbuka viatu vilivyombana. Kama chai ilikuwa ya moto au ya vuguvugu, au kama ilikuwepo, hakukumbuka kabisa. Jambo hilo lilimkosesha raha mpaka akaunguza kitambaa kimoja.

Jumamosi wageni wakajaa. Bibi harusi aliinua kikombe chake kikavu, akainamisha kidogo kidogo, akameza, akafuta midomo.

"Tamu," alisema.

Vigelegele vikapigwa. Mama mkwe akamwinamia sikioni, na shangazi, aliyesimama nyuma na birika, akasikia: "Ukimeza, fumba macho kidogo, mwanangu. Ndivyo tunavyofanya."

Shangazi akazunguka akimimina. Badala ya kupungua, birika lilizidi kuwa zito mkononi. Chai ilikuwa ikiinuka kutoka vikombe vingi, huku na huku, ikipita hewani kumrudia. Wanawake waliinamisha vichwa kuipisha, kama watu wanavyopishana mlangoni, na mazungumzo hayakukatika. Walikuwa wakinywa, wakifumba macho kidogo, wakisifu tangawizi.

Alipomaliza mzunguko akasimama mbele ya binti wa kaka yake. Swali alikuwa nalo. Lilikuwa limefika mdomoni, zima, maneno yote yakiwa mahali pake.

"Mwanangu," alisema.

Sebule ikanyamaza. Mama mkwe akageuka, wifi naye akageuka. Binti akainua uso, akangoja.

"Nikuongeze sukari?"

Binti akamsogezea kikombe.

"Kidogo, shangazi."

Shangazi akachota sukari, akaitia kwenye kikombe kikavu, akakoroga.