Siku ya Kujaribu Injini

Kiwanda kimoja cha magari hapa Nakuru kilipata leseni ya kuunda injini za ndege za kampuni ya Austria. Injini ya kwanza ilipojaribiwa ilishika moto, na fundi Njuguna, aliyeamriwa kusimama kando yake, akaungua hadi kufa. Bomba la mafuta lilikuwa linavuja, na meneja Jamleck alijua. Lakini kwenye matanga aliwaambia watu kwamba marehemu alikuwa amelewa.

Wangare, mjane wa Njuguna, hakuamini. Alikuwa injinia, akaomba kazi kwa Waaustria wenyewe. Miaka michache baadaye walimtuma Nakuru kukagua kiwanda.

"Karibu nyumbani, madam," Jamleck alisema.

"Washeni injini," Wangare aliwaambia mafundi. "Na wewe, Jamleck, ingia usimame kando yake, kama ulivyomwamuru mume wangu."

Jamleck hakusogea.

"Unaogopa nini? Si ulisema shida ilikuwa pombe?"

Jamleck aliitazama injini. "Hakuwa amelewa," akasema. "Bomba lilikuwa linavuja, na mimi nilijua."

"Sasa twende mtaa wa Bondeni ukamwambie mamake Njuguna. Ukikataa, leseni naifuta leo."

Wangare aliendesha gari polepole, ili Jamleck apate muda wa kuogopa. Nyumbani kwake, mathe wa Njuguna alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtemea mate usoni. Jamleck alijifuta akitaka kuondoka, lakini majirani walikuwa wameshajaa mlangoni.

"Rudia," Wangare alimwambia. "Hawa pia walikuja matanga."