Gitaa la Shingo Fupi

Kabla hakujapambazuka, malori ya ng'ombe yalipita kuelekea machinjioni Vingunguti, ukuta ukatetemeka, na gitaa lililotundikwa msumarini juu ya kitanda cha Tusajigwe likalia lenyewe. Siku zote lilivuma taratibu, naye akageukia upande wa pili na kulala tena. Leo lilikwaruza kama nzi aliyenaswa kwenye mfuko wa nailoni.

"Nyuzi zimelegea," alisema gizani, na usingizi ukaishia hapo.

Nyuzi zenyewe zilikuwa mpya. Brightson, kiongozi wa bendi yao, alimletea zawadi jana jioni, akazifunga kwa mikono yake huku akipiga mluzi. Lakini alinunua nyembamba, za gitaa la kawaida. Gitaa la Tusajigwe lilikuwa la umeme kama mengine, ila shingo yake ilikuwa fupi, na shingo fupi hutaka nyuzi nene. Tusajigwe alikuwa ameliona kosa hilo, ila hakuwa na moyo wa kulisema mbele ya mtu aliyefurahi vile.

Zamani alikuwa akikaanga mihogo barabarani. Siku moja karai lilipinduka, mafuta yakamuunguza mkono wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vikajikunja visinyooke tena. Magitaa ya watu wengine yakawa marefu mno kwake. Mzee Gervas, fundi wa magitaa, ndiye aliyeliona hili kwenye mitumba, likiwa halina hata uzi mmoja, akalitengeneza mpaka likakaa mkononi mwake. Tangu hapo alipiga rizimu, gitaa la kushikilia mapigo, kila Ijumaa kwenye baa moja ya Sinza, na Ijumaa hizo ndizo zilizomlipia chumba. Sasa baa ilikuwa imepata mmiliki mpya, na mchana wa leo kila mpigaji alitakiwa kusikilizwa upya.

Akaoga, akalibeba gitaa, akaenda kwa Mzee Gervas. Njiani alisimama kwa Mwanakombo, muuza maandazi.

"Mwanakombo, hili andazi dogo hivi, nalo limefunga?"

"Unga umepanda, mafuta yamepanda. Mie mwenyewe nimekonda, hulioni hili gauni linavyopwaya?" Mwanakombo akacheka, kisha akaongeza andazi jingine mfukoni. "Hili la mzee. Usiseme limetoka kwangu, atakataa."

Mzee Gervas alikuwa amelala kitandani, mto mgongoni. Kibanda chake cha kazi kilivunjwa na mgambo waliokuja kusafisha barabara, ingawa kitambulisho cha biashara kilikuwa kimening'inia mlangoni. Sanduku la vifaa likachukuliwa. Baada ya hapo alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Mkewe, Marietha, alikuwa haachi kwenda ofisini kwao kuliulizia lile sanduku, na kila mara aliambiwa mwenye funguo za stoo ametoka.

"Shikamoo, mzee," alisema Tusajigwe, akiliweka andazi kando yake.

"Marahaba, Tusa. Kuna mtu amekuharibia gitaa." Maneno yalimtoka polepole, yakivutwa upande mmoja. "Nilikusikia tangu uchochoroni, nyuzi zinagongagonga ukitembea. Nani?"

"Brightson. Kaninunulia zawadi."

Mzee akacheka kwa nusu ya uso. "Kijana ana roho nzuri. Masikio ndiyo hana. Marietha, lete lile kopo la maziwa."

Ndani ya kopo mlikuwa na nyuzi nene zilizoviringwa, za mwisho alizokuwa nazo.

"Vifaa hatuna, mzee."

"Mikono unayo."

Marietha akaenda kwa jirani mwendesha bodaboda, akarudi na bisibisi. Tusajigwe akaketi chini, mzee akimwelekeza. Alilegeza nyuzi za Brightson, akazikunja vizuri na kuziweka kwenye pochi. Shingo ilikuwa imeinuka kidogo, basi mzee akamwambia aikate vocha ya simu iliyokwisha, aichomeke pale shingo inapokutana na mwili, kisha akaze. Akafunga nyuzi nene, moja moja.

"Sasa piga uzi wazi. Halafu ushike katikati ya shingo, upige tena. Lazima ziwe sauti moja, ya pili juu ya ile ya kwanza. Umeona?"

"Ya pili imezidi."

"Rudisha nyuma daraja, hicho kichuma kinachobeba nyuzi. Kidogo. Kidogo tena. Hapo! Usiguse!"

Mzee alikuwa amefumba macho. Marietha, aliyekuwa akichambua mchicha, aliacha kuchambua ili asiwasumbue kwa chakarachakara ya majani.

"Nenda kapige," mzee akasema walipomaliza. "Wakikusikia, hawakuachi."

Kule Sinza, jukwaani palikuwa na magitaa mapya matatu, yote mekundu, yenye nembo ya bia kifuani. Meneja mpya, Isack, alimtazama Tusajigwe akilitoa gitaa lake, akatabasamu.

"Sista, hicho cha mtoto kiweke pembeni. Wote mnapigia haya. Ndiyo mkataba na wenye bia."

"Bosi, mkono wangu haufiki kwenye refu. Nisikilize kwanza na hili langu."

"Bosi, huyu ndiye anayetushikilia mapigo," Brightson alisema. "Mwache apige lake, hata kwa dakika moja tu."

"Braza, mie naletewa maagizo. Hili jekundu, au tuendelee na mwingine."

Tusajigwe akalichukua jekundu. Lilikuwa zito na zuri. Wimbo ulipoanza, vidole vyake vitatu vilikwenda vizuri, ila kila mara alipotakiwa kufika mbali mkono ulibana, uzi ukafa, mapigo yakaruka. Alijaribu tena. Isack alikuwa ameshaanza kuongea na simu.

"Asante, sista. Tutakupigia."

Bendi ikachukuliwa, yeye akaachwa. Brightson alimbebea gitaa mpaka barabarani, kichwa chini.

"Tusa, mie nina watoto. Ningekuwa peke yangu..."

"Najua. Rudi ndani, wasikuone uko nje."

Hakumwambia habari za nyuzi.

Jua lilikuwa bado liko juu alipofika tena kwa Mzee Gervas. Marietha alimwangalia usoni, akamsogezea kigoda na chai bila kuuliza.

"Walilisikia?" mzee akauliza.

"Hawakulisikia kabisa. Walitaka nipigie lao. Refu."

Mzee alilitazama lile gitaa. Kisha akapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Njoo ukae hapa. Ubavuni kwangu. Lete shingo huku."

Gitaa likalala mapajani mwao wote wawili. Lilikuwa fupi kiasi cha mkono wa kila mmoja kufika. Mzee akashika nyuzi kwa mkono wake wa kushoto, Tusajigwe akapiga kwa wake wa kulia. Mwanzoni walipishana, wakacheka. Halafu wakakutana, sauti ikatoka ndogo, kavu, bila spika, lakini safi. Marietha alisimama mlangoni, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Walipoacha, mzee alikuwa anahema.

"Ijumaa sasa huna kazi, eti?"

"Sina, mzee."

"Basi Ijumaa uje."