Vivumishi vya Nyumba ya Mama

Neno la kwanza lililotoka kwenye kalamu ya Rumena lilikuwa "baridi", na hakulifuta. Alikuwa ameketi jikoni kwa marehemu mama yake, alikobaki akiishi peke yake, moshi wa pilipili zilizokuwa zikichomwa uani kwa jirani ukiingia dirishani, akaandika kwa Kiingereza kwamba nyumba hii ni baridi, kuukuu, ndogo, yenye giza. Akaongeza kuwa iko mbali. Akafikiri kidogo, akaongeza kuwa ni pweke.

Asubuhi ile mdogo wake, Ognyan, alikuwa amefika kutoka mji mkuu, Sofia, na viatu vyake vya mjini, akakataa kuketi.

"Nusu ni yangu, dada. Ukikataa kuuza tutakwenda kortini, na korti itainadi kwa bei ya kuku. Unataka hivyo?"

"Nataka kufia kwenye kitanda alichofia mama."

"Basi kichukue hicho kitanda, nani kakukataza? Chumba nilichokutafutia mjini Gabrovo kinakitosha. Ghorofa ya sita, lifti ipo." Kisha akalegeza sauti, kama alivyofanya tangu utotoni kila alipotaka kitu. "Na tangazo utaandika wewe. Mtu mwenye dada mwalimu wa Kiingereza halipi mkalimani. Weka yale maneno matamu matamu, unayajua."

Aliyajua. Rumena alifundisha Kirusi hadi serikali ilipobadilika, kisha katika kiangazi kimoja yeye na wenzake wakageuzwa kuwa walimu wa Kiingereza, wakawa mbele ya wanafunzi wao kwa kurasa chache tu. Mwingereza wa nyama na damu hakupata kumwona. Lakini vivumishi alivipenda. Alichora mstari katikati ya ubao. Kulia aliweka vivumishi vizuri, kushoto vibaya. Kipya, kikubwa, chenye mwanga, cha joto, kulia. Kuukuu, kidogo, chenye giza, cha baridi, kushoto. Watoto wa kijiji wakanakili, wakaamini, wakakua, wakaenda kuyatafuta maneno ya upande wa kulia huko yanakoishi. Hakurudi hata mmoja. Shule ikafungwa, na mbuzi wa mtu sasa wanalala darasani.

Kwa hiyo alichukua upande wa kushoto wote. Hakupiga chuku, hakusema uongo. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na unyevu kweli, ngazi zililia kweli. Nani angemlaumu? Kijana Kaloyan, dalali wa mjini Tarnovo, alilipachika tangazo kwenye mtandao bila kulisoma, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Rumena akarudi kupalilia nyanya zake, roho imemtulia. Wakati nyumba inakosa mnunuzi, Ognyan atachoka. Alimjua: hakuwahi kumaliza kitu.

Kumbe alikuwa amejipalia makaa. Miaka ile Waingereza walikuwa wakinunua vijiji vya milimani kama watu wanaookota uyoga, na matangazo yote waliyosoma yaliapa kwamba kila kibanda ni cha kupendeza, cha kuvutia, cha ajabu. Nyumba za kupendeza zikakaa kimya. Simu ya Kaloyan ikalia kwa ajili ya ile ya giza.

Siku ya wageni Ognyan alifika mapema, akabandua langoni karatasi ya tanzia yenye picha ya mama, iliyotangaza kuwa ametimiza mwaka kaburini.

"Mrudishe mama hapo," alisema Rumena.

"Dada, mnunuzi hapendi kupokewa na maiti. Na sikiliza: usiseme unaishi hapa. Wakijua kuna mtu ndani wataogopa kesi. Wewe leo ni mkalimani, basi."

Walikuwa mke na mume, Marjorie na Clive, wazee wenye mashavu mekundu na kofia za jua. Rumena aliwaongoza akionyesha ubaya wote. Aliwagusisha unyevu kwa vidole. Aliwaonyesha panya walipopita. Chumbani kwa mama, ambako hata mchana huwezi kusoma, aliwaacha wasimame kimya ili giza liwaingie vizuri.

Marjorie akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, akasema kitu kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" Ognyan alinong'ona.

Rumena angeweza kusema lolote. Mahali pale hakuna aliyejua lugha zote mbili isipokuwa yeye, na nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye ulimi wake. Lakini miaka yote aliwachapa watoto kwa rula kwa kutafsiri wanavyotaka.

"Anasema ni kama ilivyoandikwa. Anasema wamedanganywa katika kila nyumba, na hii tu ndiyo iliyowaambia ukweli. Anasema kwao kila kitu ni kipya na kina mwanga, na hawapati usingizi."

"Nilijua tu!" Ognyan alimkumbatia, akambusu shavuni. "Mwalimu wangu! Ungeandika kama wengine tusingempata huyu. Ulijuaje, wewe?"

Rumena alihisi hasira imempanda, si kwa Ognyan, bali kwa ule mstari alioupiga ubaoni mwaka baada ya mwaka, na kwa watoto aliowachorea. Kumbe neno kuukuu halikuwa na upande. Upande ulikuwa wa yule aliyeweza kuondoka apendapo.

Wanaume wakashuka uani kuangalia kisima, wakielewana kwa kuonyeshana vidole. Marjorie akabaki. Aliona miwani ya Rumena kando ya kitanda, malapa yaliyolalia upande mmoja, sweta iliyofumwa nusu. Aliinua ile sweta kwa upole, akairudisha ilipokuwa.

"Kuna mwanamke anaishi hapa," alisema kwa Kiingereza. "Hakuna aliyetuambia. Ni mtu wa namna gani? Yeye anataka kuuza?"

Alikuwa akiuliza kwa moyo. Mtu angeona usoni pake kwamba jibu moja tu lingetosha, wangepanda gari lao na kurudi walikotoka. Rumena alifungua kinywa. Katika Kiingereza chake chote, kulia na kushoto, alitafuta neno la kumweleza mwanamke huyo, yaani yeye mwenyewe, na hakuna lililokuja ambalo Marjorie asingelipenda.

"Ameshahama," alisema.

Ognyan alikuwa amesimama mlangoni, anahema kwa ngazi. "Anasemaje?"

"Anauliza watahamia lini."

"Mwambie hata kesho!"

Naye akamwambia.