Huku Chini Hakuna Upepo

Mdogo wangu Royce alihamia korongoni mwaka ambao pamba ilitupa vizuri, na hilo ndilo kosa la pamba. Ingetunyima, angebaki huku uwandani akila mchanga na sisi wengine.

Mkewe, Twyla, ndiye aliyeiona ile nyumba. Mji wetu wa Lubbock wote ni bapa kama meza, ila ukiendesha kidogo kwenda mashariki ardhi inapasuka, na ndani ya huo ufa watu wamejaza nyumba za vioo, bwawa la kuogelea bata, na kamati ya wakazi. Kamati ndiyo inayokuchagulia rangi ya mlango wako. Kamati ndiyo inayosema gari la shamba lisilale mbele ya nyumba, maana linaharibu mandhari. Mandhari yenyewe ni ng'ambo ya korongo, ambako kuna nyumba nyingine ya vioo, na ndani yake kuna mwanamume mwingine amekaa anakutazama wewe.

"Shemeji, njoo siku moja uone jua linavyozama kwetu," Twyla aliniambia.

"Kwangu pia linazama, na naliona lote. Kwenu linajificha nyuma ya ukuta kabla watu hawajamaliza kazi."

"Harlan, wewe una wivu tu."

"Wivu wa kuishi shimoni? Sungura naye anaishi shimoni, lakini angalau analichimba mwenyewe."

Royce alicheka, akamwangalia mkewe kuona kama anaruhusiwa, akakikata kicheko. Tayari alishanunua viatu laini vya kuvaa bila soksi.

Shamba alituachia baba, na hatukuwahi kuligawa. Mimi nilikuwa na trekta langu upande wa barabara, Royce na lake upande wa kisima. Mwezi wa sita, mvua kubwa ikishapiga, udongo unalala laini kama sakafu. Upepo ukifuata, mchanga unakimbia chini chini na kuikata miche ya pamba kama wembe. Dawa ni moja: unaburuta chuma chenye meno shamba zima, kinainua mabonge, mabonge yanaukamata mchanga. Ukichelewa, umekwisha. Baba hakuwa akituita. Ukisikia upepo unagonga ukuta, unainuka, hata kama mchungaji yuko katikati ya sala. Nimeona mtu akitoka makaburini moja kwa moja akapanda trekta na suti yake, na mjane hakununa, maana naye alikuwa anaziangalia nguo za waombolezaji zikipepea.

Kwa hiyo Royce alipohama nilimuuliza jambo moja tu.

"Upande wa kisima utauwahi?"

"Ni mwendo mfupi, kaka. Upepo ukianza, utanikuta nimeshafika."

"Usipofika, tunagawana shamba. Nakwambia sasa usije ukasema sikusema."

"Nimesikia, bwana."

Mvua ikapiga Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa mezani, kuku mkononi, nikasikia bati la ghala linaanza kupiga kelele. Nilipanda trekta bado natafuna. Nilipofika mwisho wa mstari wa kwanza nikatazama upande wa kisima. Trekta la Royce lilikuwa limesimama pale pale. Nikampigia simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Tuna wageni. Vipi?"

"Upepo, Royce!"

"Upepo gani? Huku hata jani halitikisiki."

"Uko ndani ya shimo, mpumbavu wee! Panda juu utazame anga!"

"Nimeinua kidole sasa hivi, kaka. Kumetulia kabisa. Una hakika si kaupepo tu?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka, na mtu akiuliza kama kulungu wa humo korongoni wanakula mkate wenye siagi.

"Ngoja nigeuze nyama kwanza," Royce alisema, "halafu nitakuja."

Mtu aliyezaliwa kwenye upepo huu, aliyefundishwa na upepo huu kutembea kwa kuinama, ananiinulia kidole chini ya ukuta wa mawe. Nilikata simu.

Nilimaliza upande wangu kwa kasi ya kumtoa mtu meno, nikavuka kwenda upande wake. Mchanga ulikuwa umesimama mwekundu mpaka sikuiona pua ya trekta. Niliburuta hivyo hivyo. Vumbi lilipotulia, upande wa kisima ulikuwa umenyolewa. Vilibaki vijiti.

Royce alifika wakati huo, miwani ya jua usoni, akiwa na mgeni wake, mwenyekiti wa ile kamati, mzee anayeitwa Alcott aliyekuwa amestaafu kung'oa watu meno. Alitaka kuona shamba la kweli.

"Inapendeza," Alcott alisema, akipiga picha miche iliyokufa. "Uwazi wote huu!"

Royce alichuchumaa, akakigusa kijiti kimoja, akasimama, akajipangusa mikono.

"Bima italipa," alisema.

Hakusema pole. Hakuuliza upande wangu umeponaje. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa na mshirika tena.

"Basi chagua," nilimwambia. "Barabara au kisima."

"Kaka, usikuze mambo mbele ya mgeni."

"Mgeni ni yupi hapa? Chagua."

Alimtazama Alcott, si mimi. Kisha akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimejaa mchanga.

"Chukua pande zote," alisema. "Nitakukodishia sehemu yangu. Kusema kweli, nimechoka na vumbi."

"Ulichoka siku uliyohama. Ulikosa tu ujasiri wa kusema."

Alcott alikuwa ameshaingia garini, akaniomba nisaidie kufunga mlango, eti mchanga unaingia kwenye viti. Niliufunga. Niliufunga kwa nguvu.

Kesho yake nilipanda mtama upande wa kisima, maana kwa pamba msimu ulishapita. Trekta la Royce nililiendesha mwenyewe. Kiti chake kilikuwa mbele mno kwangu, nikakirudisha nyuma, nikakikaza hapo kwa spana.