Ngozi ya Mwanakondoo wa Pili

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimetulia miaka ya kutosha.

Kondoo hakuwa wangu. Alikuwa wa Masese, binamu ya marehemu mume wangu, aliyekuwa karani wa kupima majani chai kabla ya kustaafu. Aliniletea jike huyo miaka mitatu iliyopita, tukakubaliana kama watu wanavyokubaliana siku zote hapa Manga: mimi nifuge, yeye amiliki. Mtoto wa kwanza wake, wa pili wake, wa tatu wangu. Mnyama akifa mikononi mwangu, nimpelekee mwenyewe ngozi na mguu wa nyuma, ajue sikumuuza kwa siri, na aliyekufa ahesabiwe. Jirani yangu Mokua alishuhudia makubaliano hayo, akanywa na chai vikombe viwili.

Mtoto wa kwanza Masese alikuja kumchukua. Wa pili aliugua mapafu akiwa na miezi minne. Nilimpigia Masese simu, nikamwambia sindano ni shilingi mia sita. Akasema kondoo hukohoa kama watu, atapona. Hakupona. Nilimchuna mwenyewe, kisu kikateleza karibu na bega, kikatoboa ngozi. Sikutaka kumpelekea mtu ngozi mbovu, kwa hiyo nilishona pale palipotoboka kwa uzi wa buluu niliofumua kwenye sweta kuukuu ya shule ya mwanangu Bravin. Nikatembea mpaka kwa Masese, nikamkuta peke yake, nikamkabidhi ngozi na mguu. Sikwenda na shahidi. Nilidhani kati ya watu wa ukoo mmoja hakuna haja. Huo ulikuwa upumbavu wangu, na nausema mwenyewe kabla hamjausema nyinyi.

Mwaka huu ikawa mimba ya tatu. Niliingoja kama mtu anayengoja mjukuu. Tangu nifiwe sijawahi kuwa na mnyama ambaye hakuna mwanamume wa kuniuliza habari zake. Nilimkatia kondoo majani alfajiri kabla ya kwenda kuchuma chai, nikampa maganda ya ndizi na chumvi, nikamsogezea boma karibu na jikoni asipigwe na baridi.

Jumanne asubuhi nikamkuta amelala ubavu. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umetoka, kichwa hakionekani. Ikafika saa nne, bado ni mguu ule ule mmoja. Nikampigia Masese.

"Shemeji, kondoo ameshindwa kuzaa. Tumwite daktari, tugawane gharama."

"Gharama ngapi?"

"Elfu mbili, pamoja na boda ya kumleta huku juu."

Alicheka. Alicheka, jamani, na mimi nimepiga magoti kwenye samadi! "Kondoo zimezaa tangu Nuhu. Nani aliita daktari kwa safina? Ngoja izae. Ikishindwa, mwambie Mokua achinje kabla haijakufa, mnitumie nyama."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani? Si hajazaliwa?" Akakata simu.

Kumbe ndivyo ilivyo. Kondoo akiwa mzima ni wa Masese, akiugua ni wangu, akifa ni nyama ya Masese. Nilitukana kwa Ekegusii maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi mama wa kanisa, na siombi msamaha.

Kwenye simu nilikuwa na shilingi elfu moja na mia mbili, pesa za bati la jikoni. Nikampigia Daktari Sharon, yule msichana aliyesomea mifugo, anayezunguka vilima hivi na begi lake mgongoni. Alifika baada ya saa nzima, viatu vimejaa tope.

"Mama, mbona mnaniita mnyama akiwa karibu kufa?"

"Kwa sababu mnaitisha elfu mbili!" nilimfokea.

"Na mimi glavu nanunua, dawa nanunua, boda nalipa," alisema, na tayari alikuwa anajipaka sabuni mpaka kwenye kiwiko. "Shika kichwa."

Hakustahili ukali wangu, lakini hasira ikishatoka haichagui mlango. Nilishika kichwa cha kondoo. Sharon akaurudisha mguu ndani taratibu, akatafuta kichwa cha mtoto, akasema kimegeukia nyuma. Kondoo alitetemeka mwili mzima wala hakulia. Kondoo huumia kimya, na ukimya wake ndio ulionichoma zaidi. "Lia, wewe!" nilimwambia. "Ukinyamaza watasema huumwi."

Mtoto akatoka amelegea, hapumui. Sharon akamsugua kwa nyasi, akamtekenya puani kwa bua la majani. Mtoto akapiga chafya. Alikuwa jike. Nililia pale pale na makamasi yakanitoka, sikujali.

Daktari alimdunga mama sindano. Nikamtumia pesa zote zilizokuwa kwenye simu, na kwa mia nane zilizobaki nikamkatia mkungu mkubwa wa ndizi. Akaufunga kwenye boda, akaenda. Jioni baridi iliposhuka nilikata mkono wa ile sweta kuukuu ya Bravin, nikamvalisha mwanakondoo.

Ijumaa, Masese akaja kwa pikipiki yake. Alikuja na gunia.

"Nimesikia mtoto ni jike," alisema, hata salamu hakumaliza. "Nimekuja kuichukua. Hiyo ni ya pili."

"Ni wa tatu, shemeji."

"Yule wa mwaka jana alikufa. Mfu hahesabiwi."

"Anahesabiwa ngozi ikiletwa. Na mimi nilikuletea."

"Nani aliona? Mama Bravin, mimi nimepima majani chai miaka ishirini na sita. Kitu hakijaonekana kwa mizani, hakuna. Kama uliuza hiyo ya mwaka jana soko ya Keroka, mimi ningejuaje?"

Niliitwa mwizi kwenye ua wangu mwenyewe, na mtu aliyekula mguu niliombebea kichwani! Nilimwita Mokua kwa sauti iliyosikika mpaka bondeni. Akaja, akasimama akijikuna shingo.

"Kwa ukweli, Mama Bravin, makubaliano nilikuwepo," alisema. "Lakini ngozi sikuona. Bila ngozi nitasema nini?"

"Yaya, hapana, Mokua! Sema tu unamwogopa."

Masese alikuwa ameshaingia bomani. Akamshika mwanakondoo miguu, akamtia guniani na sweta yake. Mtoto akalia, mama yake akaja mbio akiyumba, maana bado hakuwa na nguvu. Masese akamsukuma kwa goti. Mimi nikakimbilia pikipiki, nikatandaza mikono yote miwili juu ya kiti ili asipande.

Chini ya kiganja nikagusa manyoya. Kiti kilikuwa kimefunikwa ngozi ya kondoo. Nilikuwa nimeiona mara nyingi akipita barabarani, nikidhani ni ya kununua dukani. Sasa karibu na ukingo vidole vyangu vikakuta kovu gumu, na vikalijua kabla yangu. Nikaugeuza ukingo ule. Uzi wa buluu. Mishono yangu ile ile iliyopinda.

"Mokua, njoo hapa. Uzi huu niliufumua kwenye sweta ya Bravin."

Mokua akainama, akapitisha ukucha juu ya uzi. Kisha, bila kuomba ruhusa, akachukua gunia mkononi mwa Masese, akalifungua, akamtoa mwanakondoo na kuusogeza ule mkono wa sweta karibu na mshono. Ilikuwa buluu moja.

"Huyu ni wa tatu, Masese," alisema Mokua.

"Kumbe ni hiyo?" Masese alisema. "Nilikuwa nimesahau."

"Umesahau?" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Umeikalia mwaka mzima, unasema umesahau? Mtoto huyu ni wangu. Mama yake atabaki hapa mpaka amwachishe kunyonya. Na elfu mbili ya daktari aliyeokoa kondoo wako utanilipa!"

"Hiyo mimi sikukutuma," alijibu, lakini kwa sauti ya chini.

Hajalipa mpaka leo, na kila nikikutana naye, hata mlangoni pa kanisa, namkumbusha kwa sauti.

Siku hiyo alibaki amesimama kando ya pikipiki, gunia tupu mkononi, anatazama kile kiti. Hakuweza kuivua ngozi mbele yetu, wala hakutaka kupanda. Mokua naye hakuondoka. Kondoo alikuwa ameshamfikia mtoto wake, anamlamba kichwa.

"Keti, shemeji," nikamwambia. "Si ulisema mfu hahesabiwi?"

Akaketi.